Kafiri, Mshenzi, Africanis: Majina Matatu ya Mbwa Mmoja

Katika mitaa ya Alexandra, Soweto na Diepsloot, hapa Johannesburg, yupo mbwa anayeonekana kila mahali na asiyetazamwa na mtu. Ni wa kimo cha wastani, mwembamba, mwenye manyoya mafupi na rangi yoyote ile: wa hudhurungi, mweusi, mwenye mabaka au milia. Ukimuuliza mpita njia ni mbwa wa aina gani, atakujibu kwamba si wa aina yoyote, ni mbwa tu. Kwetu Afrika Mashariki jibu ni hilohilo, ila tuna neno lake: mbwa koko.

Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba jibu hilo lina kasoro. Mbwa huyu ana nasaba, tena ndefu kuliko ya mbwa wengi wenye vyeti. Tunataka kuonyesha pia kwamba majina aliyobandikwa ndiyo yaliyoamua jinsi alivyotendewa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili habari hii inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu mawili kati ya majina hayo yamepita katika msamiati wa pwani yetu kabla ya kumfikia yeye.

Kutoka Naili hadi Limpopo

Mbwa hakuanzia Afrika. Babu yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye hajapata kuishi kusini mwa Sahara. Bweha wetu si mzazi wake, wala yule mbwa mwitu wetu mwenye madoa anayewinda kwa makundi huko Serengeti na Kruger. Mbwa wa kufugwa aliingia Afrika kwa mlango wa kaskazini, akifuatana na watu. Mabaki yake ya kale sana barani yamepatikana Merimde Beni-Salame, katika delta ya mto Naili nchini Misri, nayo ni ya milenia ya 5 kabla ya Kristo. Utafiti wa vinasaba vya mbwa wa kale uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science uliunga mkono habari hiyo: mbwa wa leo wa kusini mwa Sahara wana nasaba ya karibu na mbwa aliyeishi Mashariki ya Kati yapata miaka 7,000 iliyopita.

Kutoka Misri safari ilichukua maelfu ya miaka. Mbwa aliteremka kusini pamoja na wafugaji na wakulima, na alipofika bonde la Limpopo wakulima wa Enzi ya Chuma walikuwa tayari wanajenga vijiji vyao. Huko Diamant, katika jimbo la leo la Limpopo, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mifupa ya mbwa wa karne ya 6 baada ya Kristo. Kwa hiyo huyu anayelala kando ya duka la spaza amekuwa mwenyeji wa nchi hii kwa karibu miaka 1,500, kabla Johannesburg yenyewe haijazaliwa mwaka 1886.

Ushahidi mwingine tunao vinywani. Sisi tunasema mbwa. Waganda wanasema embwa, Wabemba wa Zambia wanasema imbwa, Washona wa Zimbabwe nao imbwa. Ukivuka Limpopo unawakuta Wavenda wakisema mmbwa, na Wasotho wa Kaskazini mpša. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kuambiwa kwamba maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Jina limesafiri na mwenye jina, kutoka kizazi hadi kizazi, na mpaka leo Mswahili anaweza kuingia Thohoyandou akamtaja mbwa na akaeleweka bila mkalimani.

Wareno pia walimwona. Novemba 1497 msafara wa Vasco da Gama ulitia nanga katika ghuba ya St Helena, kaskazini ya Rasi. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliandika kwamba wenyeji walikuwa na mbwa wengi, wanaofanana na wa Ureno na kubweka kama wao. Miezi michache baadaye, Aprili 1498, merikebu hizohizo zilifika Mombasa na Malindi. Tunalitaja hili kwa sababu ni ushahidi wa mgeni asiyekuwa na sababu ya kuwapamba wenyeji: aliona mbwa, na hakuona kasoro.

Sura na tabia yake

Mbwa huyu hakuundwa na mfugaji aliyekaa na kuchagua masikio ya namna hii na mkia wa namna ile. Aliundwa na jua, njaa, kupe, chui na kazi. Aliyekuwa dhaifu alikufa, na aliyekuwa mkali kwa watu wa nyumbani hakuachwa aishi. Waliobaki ndio wazazi wa hawa wa leo. Ndiyo maana sura zao zinatofautiana sana huku maumbile yao yakifanana: kimo cha sentimita 50 hadi 60 begani, mwili mwepesi, miguu ya mkimbiaji, kifua cha wastani na manyoya mafupi. Masikio huweza kusimama, kulala au kukunjika nusu. Wachache wana mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele juu ya uti wa mgongo.

Wasiomjua humwona ana njaa, kumbe wembamba ndio umbo lake. Kivuli cha mbavu mbili tatu kwa mbwa huyu mwenye afya hakimaanishi ugonjwa. Bila shaka wapo wenye njaa kweli, na tutawarudia.

Kwa tabia ni mtulivu, mwangalifu, asiyekimbilia ugomvi. Akikuta kitu kigeni hukaa mbali kwanza akakichunguza. Hufuata watu wake bila kung'ang'ania, na hulinda boma bila kufundishwa. Anajifunza upesi, ila hapendi kurudia amri asiyoiona faida yake. Jike hutafuta mahali pa siri pa kuzalia, mara nyingi shimo alilochimba mwenyewe, na hulea bila msaada. Wenye kumwita mkaidi wamemlinganisha na mbwa waliozalishwa ili watii. Huyu alizalishwa na maisha ya kujiamulia: achunge mbuzi bila mchungaji kumtazama, amfuate msasi porini, arudi peke yake.

Wahenga wetu walimjua wa namna hiyo waliposema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Usemi huo unatoka pwani, mahali ambapo wengi hudhani mbwa hana nafasi. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na nyama iliyokamatwa na mbwa aliyefunzwa ni halali kwa masharti yake. Unguja na Pemba wasasi wamewinda kwa mbwa nguruwe wanaoharibu mihogo mashambani. Kwa hiyo dini ilimwekea mbwa mipaka na ikamwachia kazi yake. Dharau ilitoka kwingine.

Maneno mawili kutoka pwani

Jina la kwanza ni kafiri. Kwa Kiarabu ni mtu asiyeamini, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa watu wa bara na wa kusini wasiokuwa Waislamu. Wareno walilichukua kutoka kwao, Waholanzi na Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wareno, na lilipofika kusini mwa Afrika likageuka kuwa tusi la rangi. Leo hapa Afrika Kusini neno hilo kwa matamshi ya kwao halitamkwi hadharani. Mwaka 2018 mahakama ya Randburg, hapa Johannesburg, ilimhukumu mtu kifungo kwa kumtukana nalo askari polisi. Lakini kwa zaidi ya karne moja neno hilohilo lilikuwa jina la kawaida la mbwa wa kienyeji: walowezi walimwita mbwa wa makafiri, na maana yake ilikuwa mbwa asiye na thamani, mwizi wa kuku.

Riwaya maarufu ya Percy FitzPatrick, Jock of the Bushveld, iliyotoka mwaka 1907, inatuonyesha jambo hilo mpaka ukurasa wa mwisho. Jock, mbwa shujaa wa Mzungu, anauawa kwa risasi usiku na rafiki wa bwana wake. Aliyempiga alidhani anampiga mbwa wa kienyeji anayeua kuku. Vizazi vya watoto wa nchi hii vimemlilia Jock. Yule mbwa mwingine, ambaye risasi ilikuwa halali yake, hakuna aliyefundishwa kumlilia.

Jina la pili ni mshenzi, na hili ni letu kabisa. Mstaarabu wa pwani alijitofautisha na mtu wa bara kwa neno hilo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watumwa ililipeleka Tabora, Ujiji na Manyema, na kutoka Manyema likateremka mto Kongo. Katika Kilingala likawa mosenji, kwa wingi basenji, watu wa porini. Mbwa wao wakaitwa mbwa wa basenji. Wazungu waliowachukua mbwa hao kutoka misitu ya Kongo waliondoa mbwa wakabakiza tusi. Leo Basenji ni jina rasmi la mbwa wa maonyesho London na New York, na wengi wa wanaolitamka hawajui kwamba wanasema washenzi. Kenya nako walowezi walilichukua neno shenzi katika Kiingereza chao, wakawaita hivyo mbwa wasio na nasaba.

Tazama basi jinsi maneno yanavyosafiri. Mtu wa pwani alimdharau mtu wa bara, mkoloni akaazima dharau ile, akamtia nayo mtu na mbwa wake katika kapu moja. Hatuwezi kuisoma historia ya mbwa huyu bila kusoma historia ya watu waliofugwa na jina lilelile.

Kodi, risasi na ndege za kivita

Jina likishakuwa baya, sheria hufuata. Katika makoloni ya kusini mwa Afrika kodi ya mbwa ilikuwa na kazi mbili: kupunguza mbwa wa Waafrika, waliolaumiwa kwa kuwinda wanyama na kuua kondoo wa walowezi, na kuwalazimisha wenye mbwa kutafuta fedha. Fedha ilipatikana mahali pamoja tu, nayo ni kazi ya ujira katika shamba la mlowezi. Asiye na mbwa hawezi kuwinda, hawezi kuwalinda mbuzi wake na bweha, na mwishowe hawezi kujitegemea.

Waliolielewa hilo vizuri kuliko wote ni Wabondelswarts, tawi la Wanama, kusini mwa Namibia ya leo, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini. Kodi ya mbwa ilianzishwa huko mwaka 1917 na kupandishwa mwaka 1921 kufikia kiwango ambacho watu wa mifugo michache hawakuweza kukilipa. Kodi haikuwa dhuluma pekee, lakini ndiyo iliyojaza kibaba. Mei 1922, wakati Jan Smuts akiwa waziri mkuu, serikali iliwapelekea askari na ndege za kivita zilizodondosha mabomu. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Habari ilifika mpaka kwenye Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Tukio hilo linajulikana katika vitabu kama uasi wa Wabondelswarts. Wengine huliita vita vya kodi ya mbwa.

Mwaka huohuo wa 1922, huko Bulawayo, walowezi walikutana kuandika vipimo rasmi vya mbwa wao wa kuwindia simba, Rhodesian Ridgeback. Alama yake kuu ni ule mstari wa manyoya mgongoni. Mstari huo ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, waliochanganywa na mbwa wa Ulaya. Alama ya mbwa wa kienyeji ikapewa cheti na jina la Cecil Rhodes. Mbwa wa kienyeji mwenyewe akabaki kutozwa kodi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia na mbwa wa nasaba mbalimbali, uligundua kwamba damu ya Ridgeback kwa sehemu kubwa si ya Afrika, ilhali Basenji ni mwenyeji kweli.

Baadaye, enzi za ubaguzi, mbwa wenye nasaba ya Ulaya walikuwa silaha ya polisi. Hata baada ya mwaka 1994 mambo hayakwisha mara moja. Januari 1998, mashariki ya Johannesburg, askari wa kikosi cha mbwa waliwaachia mbwa wao wahamiaji watatu kutoka Msumbiji, wakawararua huku wakitukanwa kwa rangi yao, na wenyewe wakapiga picha za video. Televisheni ya taifa ilizionyesha Novemba 2000, nchi ikashtuka, na askari wale wakafungwa. Kwa sisi tuliokuja kusoma hapa kutoka nchi nyingine za Afrika, picha zile zinazungumza kwa sauti ya karibu sana. Mbwa hakuwa na hatia. Alifanya alichofundishwa, kwa mtu aliyefundishwa kumwona kuwa chini ya mtu.

Funzo la Basenji

Kuna wanaodhani kwamba dawa ya dharau ni kumpa mbwa cheti na kumpeleka kwenye maonyesho. Historia ya Basenji inatutahadharisha. Mbwa wawili wa aina hiyo walionyeshwa Crufts, London, mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa wa distempa ambao miili yao haikuufahamu. Mwaka 1937 Olivia Burn alifanikiwa kuwaonyesha wengine, na watu walifurika kumtazama mbwa asiyebweka, anayetoa sauti kama ya kuimba, na ambaye jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka.

Sifa ikaenea, lakini wazazi wa ukoo wote wa ughaibuni walikuwa wachache mno. Ndugu wakazaa na ndugu. Ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, unaomfanya mbwa apoteze sukari na madini kwa njia ya mkojo, ukasambaa katika damu yao. Wafugaji wa Marekani walilazimika kurudi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, mwaka 1987 na 1988, kutafuta mbwa wapya wa vijijini, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa ili wapokelewe. Mwaka 2007 ndipo kilipopatikana kipimo cha vinasaba cha kuwatambua wenye hatari ya ugonjwa huo. Waliomwita mshenzi walirudi kwa washenzi kuomba damu. Afya ilikuwa imebaki kijijini, katika kundi kubwa lisilo na daftari.

Jina la tatu

Kusini mwa Afrika jina la tatu lilikuja mwishoni mwa karne iliyopita. Johan Gallant, mtaalamu wa mbwa mwenye asili ya Ubelgiji, alizunguka vijiji vya KwaZulu-Natal akiwachunguza mbwa na wenyewe, akashawishika kwamba anaona kundi moja la kale. Akaunganisha Afrika na neno la Kilatini canis, yaani mbwa, likazaliwa jina Africanis. Mwaka 1998 yeye na mwanaakiolojia Udo Küsel walianzisha chama cha kumhifadhi, na mwaka 2002 Gallant akatoa kitabu chake, The Story of the African Dog.

Msimamo wa chama hicho unastahili kuelezwa. Hakitaki kumfanya Africanis kosaafu ya kisasa yenye vipimo vya masikio na rangi. Kinataka abaki mbegu ya asili: atambulike kwa afya, umbile na tabia, na tofauti za sura ziachwe kama zilivyo. Kwa maneno mengine, ahifadhiwe kwa kutotengenezwa.

Wapo wanahistoria waliouliza maswali hapo. Sandra Swart wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch ameandika jinsi aina za mbwa za nchi hii, Ridgeback, Boerboel na Africanis, zilivyojengwa na siasa za nyakati zao. Haikuwa bahati tu kwamba mbwa wa Afrika alipata heshima miaka ileile nchi ilipozungumza juu ya mwamko wa Afrika. Nasi tunaona kwamba swali hilo ni halali, lakini halifuti hoja. Nasaba ya mbwa ni ya kweli hata kama jina ni la juzi. La kuogopa ni kwamba jina zuri nalo linaweza kumtenga na watu wake: Africanis akawa wa matajiri wenye bustani kubwa, na ndugu yake wa Alexandra akaendelea kuitwa mbwa tu.

Wenyewe waliomfuga hawakungoja mtu wa kuwapa jina. Wazulu wana desturi, aliyoichunguza mwanaisimu Adrian Koopman, ya kumwita mbwa kwa jina lenye ujumbe kwa jirani. Ukimwita mbwa wako kwa sauti jioni, jirani mwenye wivu au shemeji mchokozi anasikia lake. Sisi tunaijua desturi hiyo kwa sura nyingine: jina la mbwa wa Kizulu hufanya kazi ya jina la kanga. Mbwa aliyebeba maneno ya watu namna hiyo hakuwa takataka ya kijiji.

Matunzo yake

Heshima ya mbwa hupimwa kwa bakuli na sindano kuliko kwa jina. Tuseme basi anavyotunzwa, tukijua kwamba wengi wetu tunakaa vyumba vya kupanga na wengine tutarudi kwenye nyumba zenye ua.

Kwanza chakula. Kwa karne nyingi ameishi kwa makombo: ugali wa mahindi, maziwa, mifupa, na alichojiokotea. Anaweza kuishi hivyo, lakini ugali mtupu hautoshi kwa mtoto wa mbwa wala kwa jike anayenyonyesha. Atafutiwe dagaa, mayai au utumbo. Mifupa iliyopikwa ya kuku isitolewe, kwa maana huvunjika vipande vikali. Tena asinenepeshwe. Maji safi yawepo mchana kutwa, na hasa wakati wa baridi kavu ya hapa juu, ambapo watu husahau kwamba mbwa naye hukauka koo.

Pili ni nafasi na mwenza. Mbwa huyu hakuumbwa kwa mnyororo. Afungwaye tangu utoto hugeuka mwoga au mkali, kisha analaumiwa kwa kile alichofanyiwa. Akae ndani ya uzio, atembezwe, na akiwa bado mdogo azoeshwe watu, watoto na kelele za magari. Adhabu ya fimbo haimfundishi, humfundisha kukukwepa. Mpe sababu ya kutii, naye atatii.

Tatu ni magonjwa. Kuna imani kwamba mbwa wa kienyeji haugui. Kweli aliyekulia kijijini hujenga kinga dhidi ya magonjwa ya pale, lakini kinga hiyo huja kwa wengi wa ndugu zake kufa wakiwa wadogo. Mtoto wa mbwa anayelelewa mjini hana kinga ya kuzaliwa nayo dhidi ya parvo, distempa wala babesia, ugonjwa wa kupe unaoua mbwa wengi nchini hapa. Achanjwe, apewe dawa ya minyoo, na akaguliwe kupe masikioni na katikati ya vidole. Asiyekusudia kuzalisha amfunge mbwa wake uzazi, kwani wengi wa wale wenye njaa ya kweli mitaani ni watoto wa mimba ambazo hakuna aliyezitaka.

Nne, na kubwa kuliko zote, ni kichaa cha mbwa. Hapa pia historia ina kejeli yake. Mlipuko wa kwanza uliothibitishwa Afrika Kusini ulitokea Port Elizabeth, siku hizi Gqeberha, mwaka 1893, na uliletwa na mbwa wa nasaba aliyeagizwa kutoka Uingereza. Waliouawa kwa wingi katika kuuzima walikuwa mbwa wa maskini. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2010, ugonjwa ulizuka upande wa kusini wa Johannesburg, na virusi vyake vikafuatiliwa hadi KwaZulu-Natal. Dawa iliyouzima ni chanjo mtaa kwa mtaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Kinga yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mfano wa karibu nasi ni Pemba. Kwa kampeni za kurudiarudia za kuchanja mbwa, kisiwa kile kiliumaliza ugonjwa; mbwa wa mwisho aliyegundulika nao alikuwa wa mwaka 2018. Walifanikiwa Wapemba, watu ambao wengi wao huyaona mate ya mbwa kuwa najisi, kwa sababu kumchanja mbwa ni kumlinda mtoto. Kwa sheria ya Afrika Kusini chanjo hii ni lazima: ya kwanza mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, ya pili kabla mwaka haujapita, kisha kila baada ya miaka mitatu. Mara nyingi kampeni za serikali huitoa bure. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja dalili, kwa maana dalili zikishatokea hakuna tiba.

Hitimisho

Tumeona mbwa mmoja akipewa majina matatu. La kwanza lilimtoza kodi na kumpiga risasi. La pili lilimpeleka maonyeshoni na kumpunguzia afya. La tatu linamheshimu, na bado halijamfikia mwenye kukaa mtaani. Kati ya hayo yote, mbwa mwenyewe hakubadilika sana. Waliobadilika ni waliokuwa wakimtazama.

Kama wanafunzi wa lugha, kazi yetu ya kwanza ni kuyajua maneno tunayoyatumia yametoka wapi na yamemfikia nani. Neno shenzi bado lipo vinywani mwetu. Tunamwita hivyo dereva aliyetukatia njia na mbwa aliyepindua ndoo ya taka. Kamusi italiweka, na halitafutika kwa makala moja. Ila neno koko tunaweza kulitumia kwa moyo mweupe. Kamusi za zamani zinasema koko ni kichaka. Mbwa koko basi ni mbwa wa kichakani, mbwa wa nchi, aliyefika na wakulima wa kwanza akabaki. Akikupitia jioni ukirudi kutoka maktaba, huna haja ya kumrushia jiwe wala kumpigia mluzi. Mwachie njia, na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, msaidie mtoto wa jirani kumfikisha wake kwenye foleni ya chanjo.